Nusu kilo ya naitrojeni ndani ya tani nzima ya bomba

Mezani kwangu kuna kipande cha bomba, urefu wake toka kiwiko mpaka ncha ya vidole, na kila anayeingia ofisini lazima akishike. Kimepasuka ubavuni kama sentimita 9 hivi, mpasuko umefunuka kama mdomo wa samaki, kwa hiyo watu wote wanaenda moja kwa moja kwenye ule mdomo. Mimi nawapa venia kalipa nawaambia hebu pima huku pembeni kwanza, huku panapoonekana pazima. Hilo bomba liliingia kwenye boila likiwa na kipenyo cha milimita 51. Huku pembeni, mbali kabisa na mpasuko, venia inasoma 53 na ushee. Yaani bomba la chuma lilinenepa. Hakuna aliyeligonga, presha haikuwahi kuvuka kiwango, lilinenepa tu kidogo kidogo usiku na mchana kwa misimu miwili ya miwa mpaka likachoka. Ugonjwa huo tunauita kripu, chuma kuvutika polepole kikiwa na mzigo na joto.

Ilikuwa kiwanda cha sukari, sitakitaja jina, boila ya kuchoma bagasi, yaani makapi ya miwa, presha 66 baa na mvuke unatoka supahita, yale mabomba ya kuupasha mvuke zaidi, ukiwa nyuzi 490. Nilikuwa shifti ya usiku. Kitu cha kwanza haikuwa mlio, ilikuwa ile feni ya kuvuta moshi, ampea zake zikaanza kupanda bila sababu, afu tanuru likaanza kutema moshi kwenye vimilango vya kuchungulia, afu maji ya dramu, lile tangi la juu la boila, yanashuka na pampu inasukuma kwa nguvu zote na bado yanashuka, ndipo tukasikia ule mvumo kama lori linamwaga kokoto ndani ya boila. Tukazima. Hakuna aliyeumia kwa sababu bomba lilipasukia ndani kwa ndani, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lakini kiwanda kilisimama siku tatu na nje kulikuwa na foleni ya matrela ya miwa iliyoshakatwa, na muwa ukishakatwa sukari yake inapungua kila saa, na ile sio miwa ya kiwanda tu, kuna ya mkulima mwenye ekari mbili anayesubiri hela ya ada.

Tulipoingia ndani boila ilivyopoa, mzee wetu wa boila alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, usiangalie lilipopasukia. Angalia midomo yake." Midomo ilikuwa minene. Nikamuuliza mzee, sasa unene una shida gani? Akanieleza, na toka siku hiyo sijasahau. Bomba likikosa maji ghafla linapata moto wa kutisha kwa dakika chache, chuma kinakuwa laini kama ubani wa kutafuna, kinavutika mpaka kinakuwa chembamba ndo kinapasuka, kwa hiyo midomo yake inakuwa kama makali ya kisu. Bomba lenye midomo minene, lenye vinyufa vidogo vingi vinavyokwenda sambamba na mpasuko, hilo halikupatwa na ajali ya usiku huo. Hilo lilikuwa linakufa siku nyingi.

Kipande kilipelekwa maabara. Pale kwenye supahita ilitakiwa iwe gredi ya T22, yaani chuma chenye kromiamu asilimia 2.25 na molibdenamu asilimia 1. Majibu yalirudi kromiamu hakuna, molibdenamu hakuna, ni chuma cha kaboni cha kawaida. Misimu miwili nyuma kulikuwa na matengenezo, mtu alienda stoo akachukua bomba la saizi ileile, rangi ileile nyeusi, akachomelea. Na simlaumu yule fundi kwa asilimia mia, kwa sababu ukiziweka hizo bomba mbili juu ya benchi huwezi kuzitofautisha kwa macho, sumaku inashika zote mbili, uzito ni ule ule, ukigonga zinalia sawa.

Sasa fanya hesabu kidogo. Bomba la milimita 51 lenye ukuta wa milimita 4, ndani presha 66 baa, ule ukuta unavutwa kwa nguvu ya kama megapaskali 39, yaani kilo kama nne kwenye kila milimita moja ya mraba. Chuma cha kaboni kikiwa baridi kinabeba zaidi ya mara sita ya hapo bila kupinda. Kwa hiyo kwa hesabu ya baridi lile bomba lilikuwa salama kabisa, ungelijaza maji baridi ukapampu presha mara mbili lisingetikisika, na ndivyo ilivyokuwa, lilipita jaribio la maji. Ila lilipokuwa kazini ukuta wake ulikuwa nyuzi 520 na zaidi, na huko juu chuma kina sheria zingine. Huko swali haliwi kinabeba kiasi gani, swali ni kinabeba kiasi gani kwa muda gani.

Hiyo ndo kripu. Kama umewahi kupita barabara ya Morogoro pale malori yanapopanga foleni kusubiri mizani unaijua tayari. Lami ya sehemu zingine iko sawa, ila pale kwenye foleni, kwenye jua la saa nane, kuna mifereji miwili mirefu imezama, ya matairi. Hakuna lori moja lililotengeneza ule mfereji. Malori yote yalikuwa na mzigo ambao lami inaubeba asubuhi bila shida. Ni mzigo, joto na kusimama muda mrefu, vitu vitatu pamoja. Mwingereza Edward Andrade mwaka 1910 alitoa utafiti wake wa nyaya zilizoning'inizwa mzigo, zikiwemo za risasi, ile metali laini, na akaonyesha kuwa waya unavutika haraka mwanzoni, afu unatulia unavutika kwa mwendo mmoja, na mpaka leo tunachora ule mchoro wenye hatua tatu, ya mwisho ikiwa ile ya kukimbilia kukatika. Risasi inaonyesha hilo upesi kwa sababu inayeyuka kwenye joto la chini, kwa hiyo joto la chumbani tu kwake ni joto kubwa. Kila metali ina hapo pake. Ukichukua joto la kuyeyuka la chuma, ukahesabu kwa Kelvini, ukapiga asilimia 40, unapata kama nyuzi 450, na kwa vyuma vya kaboni tunaanza kuogopa hata kabla ya hapo, kuanzia karibu nyuzi 400.

Ndani ya chuma kinachotokea ni hivi. Atomu zimejipanga safu kwa safu, ila mpangilio una kasoro, sehemu safu moja imekatikia njiani. Fikiria mkeka mkubwa umetandikwa ukumbini na unataka kuusogeza sentimita tano. Ukiuvuta wote mzima unakushinda. Lakini ukitengeneza mkunjo mmoja upande huu ukausukuma mkunjo mpaka upande wa pili, mkeka umesogea na hukutumia nguvu. Kasoro za kwenye chuma ndo mikunjo hiyo, chuma kinapinda kwa mikunjo kutembea. Kazi yote ya kuimarisha chuma ni kuizuia mikunjo isitembee: unaweka mawe juu ya mkeka. Kikiwa baridi mkunjo ukikutana na jiwe unasimama hapo. Kikiwa moto atomu zinahamahama, mkunjo unapata nafasi ya kupanda juu ya jiwe na kulivuka, unachelewa tu, na ndo maana muda unaingia kwenye hesabu.

Sasa elementi. Ya kwanza watu waliyoishika ni molibdenamu, na inafanya kazi kwa njia rahisi kuelewa, atomu yake ni kubwa kuliko ya chuma, inakaa katikati ya safu inabana, na kila kitu kinachotaka kuhama karibu nayo kinahama kwa shida. Nusu asilimia tu inabadilisha chuma cha kaboni kiwe kitu kingine kabisa kwenye joto. Miaka ya 1930 mitambo ya umeme ya Marekani iliamini sana chuma cha kaboni na nusu asilimia ya molibdenamu. Halafu mwaka 1943 pale Springdale, Pennsylvania, bomba kuu la mvuke likakatika pembeni ya weldi. Walipochunguza wakakuta kaboni iliyokuwa ndani ya chuma, ile ambayo inatakiwa ikae imefungamana na chuma kama kabaidi, imeachana nacho ikageuka grafiti, kitu kilekile cha ndani ya penseli, na imejipanga mstari mmoja kando ya weldi kama karatasi iliyotobolewa ili ichanike vizuri. Na vyuma vilivyougua zaidi vilikuwa vile vilivyotiwa alumini nyingi wakati wa kuyeyushwa. Ishike hiyo alumini, itarudi.

Dawa ilikuwa kromiamu. Kromiamu inaishika kaboni kwa mikono miwili, haiachii, nusu asilimia tu inatosha kuzuia grafiti. Toka hapo zikaja familia tunazozijua hadi leo, ile ya 1.25, ile ya 2.25 ambayo ndiyo T22 yetu, halafu 5, halafu 9. Watu wengi hata mafundi wazuri wanaamini kromiamu ndo inayoleta nguvu kwenye joto, wanasema kromiamu ikizidi chuma kinakuwa kigumu zaidi, na mimi niliamini hivyo miaka mingi. Sio kweli, au tuseme ni kweli kwa kiasi kidogo sana. Kromiamu kazi yake kubwa ni kulinda ngozi, chuma kisiliwe na moto na mvuke kikawa magamba. Ile 9 ya zamani, yenye kromiamu 9 na molibdenamu 1 basi, kwenye kripu haikuipita ile ya 2.25 kwa chochote cha maana. Viwanda vya kusafisha mafuta waliitumia kwa sababu ya salfa, sio kwa sababu ya nguvu.

Afu miaka ya 1970 kule Oak Ridge, Tennessee, kwenye maabara ya taifa ya Marekani, wakiwa wanatafuta chuma cha mitambo ya nyuklia, wakaichukua hiyohiyo 9 na 1 wakaongeza vitu vitatu, vanadiamu, niobiamu na naitrojeni. Mwaka 1983 ikaingia kwenye kodi ya boila ya Marekani (kodi hapa ni kitabu cha kanuni, sio ushuru) kwa jina la T91, na bomba nene likafuata kwa jina la P91. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Chukua bomba la P91 lenye uzito wa tani moja, kilo elfu. Kromiamu ni kilo kama 90. Molibdenamu kilo 10 pungufu kidogo. Vanadiamu, kilo mbili. Niobiamu, gramu 800. Naitrojeni, nusu kilo. Nusu kilo ya hewa, maana naitrojeni ndo sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta kila siku. Na hizo kilo tatu na kitu, ambazo ungeweza kuzibeba kwenye mfuko mmoja wa sokoni, zimebadilisha chuma hivi: kwenye nyuzi 600, kwa saa 100,000 za kazi, T22 inavumilia kama megapaskali 34, P91 inavumilia kama 90. Karibu mara tatu. Bomba ambalo lingekuwa na ukuta mnene wa kutisha linakuwa jembamba, na bomba jembamba linapashika moto haraka bila kujipasua kila mtambo unapowashwa na kuzimwa.

Vinafanyaje? Vanadiamu na niobiamu zinapenda naitrojeni na kaboni kuliko chuma kinavyozipenda. Chuma kinapashwa mpaka nyuzi 1,040 na zaidi, vitu vingi vinayeyukia ndani, kinapozwa, afu kinapashwa tena nyuzi 730 na kuendelea, na hapo ndipo vinapotoka vipunje vidogo mno, nanomita 30 hivi, ukivipanga kwenye upana wa unywele wako mmoja vinaingia zaidi ya elfu mbili. Hivyo ndo mawe juu ya mkeka. Vipo vingi, vimetapakaa kila kona, mkunjo hauendi mbali kabla haujakikuta kingine. Niobiamu nyingine haiyeyuki hata kwenye nyuzi elfu na kitu, inabaki inazuia punje za chuma chenyewe, zile fuwele kubwa zinazokijenga, zisikue.

Na udogo wao ndo uhai. Umewahi kuangalia mchuzi wa nyama uliotulia, matone ya mafuta yanavyoelea juu? Mwanzo ni mengi madogo, ukirudi baada ya muda yamekuwa machache makubwa, madogo yamemezwa. Chuma kwenye nyuzi 600 kinafanya hivyohivyo ila kwa miaka. Kabaidi za kromiamu zilizokaa kwenye mipaka ya punje zinakua, jirani zake ndogo zinapotea, na kila zinavyopungua idadi mikunjo inapata njia. Kwa hiyo chuma kizuri cha kripu ni kile ambacho vipunje vyake vinachelewa kunenepa. Vile vya vanadiamu na naitrojeni ni wavumilivu sana, ndo siri ya P91.

Sasa ile alumini imerudi. Kiwandani wanatia alumini kidogo kwenye chuma kilichoyeyuka ili kuondoa oksijeni, kazi ya kawaida kabisa. Ila alumini nayo inaipenda naitrojeni, inaishika kabla vanadiamu haijaipata, wanatengeneza vipunje vyao vikubwa visivyozuia chochote. Cheti kinakuja kimeandikwa naitrojeni asilimia 0.04, unafurahi, kumbe nusu yake imeshikwa na alumini, haina kazi. Kuna mabomba yalikaa ndani ya viwango vyote, kila namba iko sawa, yakapasuka mapema, na kosa lilikuwa hapo tu, uwiano wa naitrojeni kwa alumini. Kodi ikabidi ibadilishwe, alumini ikashushwa kutoka 0.04 hadi 0.02, na kwa aina mpya ya gredi wanadai naitrojeni iwe angalau mara nne ya alumini. Mimi nikipokea cheti siku hizi macho yangu hayaanzi na kromiamu. Yanaanza na hizo mbili.

Baada ya P91 wenzetu wa Japani wakaendelea, wakapunguza molibdenamu mpaka nusu asilimia wakaweka tangsteni asilimia 1.8, kwa sababu tangsteni ni nzito zaidi inahama taratibu zaidi, na wakatia boroni. Ndo P92. Boroni ni kati ya gramu 10 na gramu 60 kwa tani nzima, kiasi cha chumvi ya sufuria moja ya wali, na inaingia palepale kwenye mipaka ya punje, ndani ya zile kabaidi za kromiamu, inazizuia zisinenepe. Fujio Abe wa taasisi ya NIMS mjini Tsukuba na wenzake waliisukuma boroni ipande zaidi ya hapo, gramu mia na kitu kwa tani, na wakagundua inabidi naitrojeni ishushwe, kwa sababu boroni nyingi na naitrojeni nyingi zikikutana zinashikana zenyewe kwa zenyewe na zote mbili zinapotea kazini. Nilivyosoma hilo nilikaa kimya. Naitrojeni iliyotupa P91 inakuwa adui ukibadilisha jirani yake mmoja.

Lakini somo lililoniumiza zaidi ni la kromiamu 12. Mantiki ilikuwa nzuri, P92 ngozi yake inaliwa na mvuke ukikaribia nyuzi 650, basi tupandishe kromiamu iwe 11 au 12 tulinde ngozi, vingine tuviache. Majaribio ya saa elfu chache yalitoka mazuri mno. Halafu sampuli zilizoachwa kwenye mzigo zikavuka saa 10,000 na kuendelea, mistari ya kwenye grafu ikaanza kuanguka, chuma kinakatika mapema kuliko hesabu zote. Walipoangalia kwa hadubini wakakuta fuwele kubwa zinazoitwa awamu Z, zina kromiamu, vanadiamu, niobiamu na naitrojeni ndani yake. Zimekula vile vipunje vidogo, moja inameza maelfu, na kinachoziharakisha kuzaliwa ni kromiamu nyingi. Walichoongeza kulinda ngozi kilikuwa kinakula mifupa. Miaka ya kazi ya watu wenye akili sana iliishia hapo.

Stenlesi zenye nikeli sitazikalia sana. Atomu zake zimebanana zaidi, kuhama ndani yake ni kugumu, kwa hiyo juu ya nyuzi 620 mabomba ya ndani kabisa ya moto yanatengenezwa nazo, ila zinatanuka kama mara moja na nusu ya vyuma vya kawaida, na pale zinapoungwa na P91 kila ukiwasha mtambo upande mmoja unakwenda na mwingine unabaki. Zinatosha makala nyingine.

Wako wasomaji watauliza mbona kwetu umeme mwingi ni maji, gesi na mvuke wa ardhini. Mvuke wa Olkaria kweli haufikii hata nusu ya joto ninalolisema, shida zake ni kutu na ukoko wa madini. Ila boila za sukari zinapandishwa presha na joto kila zinaponunuliwa mpya ili ziuze umeme, na mitambo ya gesi inayoongezewa tabaini ya mvuke mara nyingi inakuja na boila yenye mabomba ya P91. Mabomba haya yapo kwetu tayari, na yanachomelewa na vijana wetu.

Na kuchomelea ndiko hayo yote yanakoweza kupotea. Nilikwenda Ghuba miaka kadhaa baadaye, kazi ya shatdauni, yaani mtambo umezimwa kwa matengenezo, boila inayotumia moshi wa tabaini ya gesi. P91 ukiichomelea lazima uipashe kwanza kama nyuzi 200, ukimaliza uiache ipoe chini ya 100 ili mpangilio wake wa ndani ugeuke kikamilifu, afu ndo unaivalisha blanketi za hita unaipandisha kwenye nyuzi 750 hivi unaikalisha saa kadhaa. Usiku mmoja waya mmoja wa kupima joto ulichomoka kwenye bomba, ukawa unasoma joto la pembeni. Mashine ikaona chini, ikaongeza moto. Hakuna aliyejua mpaka asubuhi tulipong'oa blanketi na rangi ya bomba ikawa sio.

Nilikuwa na mwenzangu wa Mombasa, tukaweka kipima ugumu. Tulitarajia kati ya 190 na 250. Tukapata 168. Tukasogea, 165. Tukachukua bunduki ya eksirei tukapiga palepale: kromiamu 8.6, molibdenamu 0.93, vanadiamu 0.21. Kila kitu kipo. Akaniangalia akasema, "Ndugu yangu, hili kesho litapita jaribio la maji." Na kweli lingepita, kwa presha yoyote waliyotaka, kwa sababu jaribio la maji linafanyika baridi. Vipunje vilikuwa vimenenepa na mpangilio wa ndani umevurugika, kemia ileile kwenye chuma kingine. Lingepita kesho, lingepita mwaka huo, na mwaka wa nne au wa tano mtu ambaye hajui habari ya waya uliochomoka angekuwa anapita chini yake na thermosi ya chai.

Tulisema. Msimamizi hakupenda, ratiba ilikuwa imebana, kulikuwa na maneno ya kurudishwa nyumbani. Likakatwa mwisho wa yote, kipande kizima kikatolewa, siku mbili zikaongezeka. Yule wa Mombasa mpaka leo tukizungumza kwenye simu ananisalimia kwa "mia sitini na nane", yaani hajambo, ananikumbusha 168.

Hata bomba lisilo na kosa, joto likizidi kidogo tu, maisha yake yanashuka mpaka miaka kama hiyo. Kuna hesabu ya Larson na Miller ya mwaka 1952, unachukua joto kwa Kelvini unazidisha na jumla ya 20 na logi ya saa. Bomba lililopangiwa saa 100,000 kwenye nyuzi 540, kama miaka 11 na nusu bila kuzima, likifanya kazi nyuzi 550 linabaki na kama saa 50,000. Nyuzi 555, kama 35,000, miaka minne. Nyuzi kumi zinakula nusu ya maisha. Opereta akiona geji imepanda nyuzi kumi anaona ni kidogo, nami nilikuwa naona hivyo. Na hesabu yenyewe ni makadirio, ndo maana wale watu wa Japani mwaka 1969 walining'iniza mzigo kwenye sampuli ya chuma cha kaboni, nyuzi 400, wakaiacha, na mwaka 2011 ikiwa imevuka saa 356,000 ikawa jaribio refu kuliko yote ya kripu duniani. Miaka zaidi ya 40. Aliyefunga ile sampuli kwenye mashine hakuwa yule aliyesoma namba ya mwisho. Nalipenda sana hilo jambo, nikiwa na siku mbaya nalifikiria.

Wiki iliyopita kijana wetu mmoja alikuja ofisini, "Shikamoo mzee, kuna bomba stoo la supahita, la 51, halina namba, limefutika, tunalihitaji Jumamosi." Tukaenda wote. Nikampa bunduki apige mwenyewe. Kromiamu 2.19, molibdenamu 0.96. Akatabasamu, akataka kulibeba. Nikamwambia subiri mwanangu, hiyo bunduki haioni kaboni, haioni naitrojeni, haioni boroni, ni nyepesi mno kwake, kwa hiyo tafuta cheti chake kwanza. Tulikaa stoo mpaka saa kumi na moja tukipekua mafaili yenye vumbi, tukakipata, namba ya tanuru inalingana na iliyobaki nusu kwenye ncha ya bomba, kaboni 0.11. Akachukua ile kalamu ya umeme ya kuchora chuma akaandika gredi na namba kwenye ncha zote mbili, na katikati pia, kwa sababu Jumamosi litakatwa vipande vitatu.